Mgonjwa wa kiuno chumbani kwako: namna ya kumpima kabla hujafikiria picha

Mwongozo huu nimewaandikia matabibu, wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia wa zahanati na vituo vya afya, kule ambako MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ni safari ya siku nzima na eksirei hufanya kazi siku umeme ukiwepo. Mgonjwa mwenyewe anaweza kuusoma pia. Atajua maswali anayostahili kuulizwa, na akiona hakuulizwa, ayaseme mwenyewe.

Ukikaa asubuhi moja tu katika chumba cha wagonjwa wa nje utakutana na kiuno. Makadirio ya kimataifa yanasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na ifikapo 2050 watafika milioni 843. Hakuna tatizo jingine la afya linalowafanya watu waishi miaka mingi zaidi bila uwezo wao kamili. Wapo wanaodhani huu ni ugonjwa wa watu wa viti vya ofisini huko Ulaya. Sivyo. Mapitio ya tafiti 65 za Afrika yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikuta kwamba zaidi ya nusu ya waliohojiwa waliumwa kiuno ndani ya mwaka mmoja.

Ninachokisimamia ni hiki: kwa kiuno, maswali mazuri na mikono yako hukueleza mengi kuliko picha, na picha isiyotanguliwa na maswali humuumiza mgonjwa. Nitakuonyesha ushahidi wake tukifika huko.

Kabla ya hatua yoyote: chanzo ni nini?

Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walionyesha kwamba diski, yaani mto laini ulio kati ya pingili za uti wa mgongo, ikichomoza inaweza kubana neva na kuleta maumivu yanayoteremka mguuni, na kwamba upasuaji unaweza kuyaondoa. Ulikuwa ugunduzi mkubwa na wa kweli. Shida ilianza pale diski ilipogeuzwa mshtakiwa wa kila kiuno kinachouma, hata kile ambacho mguu wake hauna neno.

Halafu wakaja watafiti wa mapacha. Mwaka 1995 Michele Battié, Tapio Videman na wenzao walitoa matokeo ya jozi 115 za mapacha wa kiume wa kufanana kutoka Finland. Waliwatafuta ndugu walioishi maisha tofauti: mmoja kazi nzito, mwenzake kazi nyepesi. Kama ubebaji mizigo ndio unaochakaza diski, picha zao zingetofautiana sana. Zilifanana mno. Urithi na malezi ya pamoja vilieleza uchakavu kuliko kazi. Kwa hiyo unapomwambia mpagazi wa sokoni kwamba magunia yamemmaliza mgongo, unamkatia hukumu ambayo ushahidi hauibebi, na yeye kesho anahitaji kula.

Hilo halimaanishi kwamba kazi haina lake. Sydney, mwaka 2015, watafiti waliwauliza watu 999 walioshikwa na kiuno ghafla walikuwa wakifanya nini saa chache kabla. Kufanya kazi ukiwa umejipinda vibaya, kuwa umechoka, na zaidi ya yote kuwa na mawazo mbali na kile unachokifanya, vilitangulia maumivu mara nyingi kuliko kawaida. Mama anayejitwisha ndoo ya lita 20 huku akimkemea mtoto anapitia yote matatu kwa mpigo.

Kwa wagonjwa wengi mno hutaweza kusema ni msuli upi, kano ipi au kiungo kipi. Usione aibu. Hata hospitali kubwa hazijui. Kazi yako ni kumwondoa kwenye makundi mawili: yule ambaye maumivu ni dalili ya ugonjwa mkubwa, na yule ambaye neva yake imebanwa. Wanaobaki, ambao ndio wengi, wanaitwa wagonjwa wa kiuno kisicho na chanzo mahususi, na wana matibabu yao.

Hatua ya 1: aonyeshe kwa mkono

Usikubali neno "kiuno" hivi hivi. Bibi mmoja akisema kiuno anamaanisha nyonga. Kijana anamaanisha mbavu. Mama anaweza kuwa anazungumzia tumbo la chini na ameona haya kusema. Mwambie: "Bibi, niwekee mkono hapo panapouma." Watafiti wanapoandika maumivu ya kiuno wanamaanisha eneo la nyuma kuanzia chini ya ubavu wa mwisho hadi mikunjo ya chini ya makalio. Mkono ukitua nje ya hapo, una jambo jingine.

Kisha muulize yanaishia wapi. Yanayovuka goti kwenda ugokoni au unyayoni yana maana tofauti na yanayoishia pajani. Muulize yalianza lini, na usaidie kumbukumbu kwa matukio: kabla ya Ramadhani au baada? Wakati wa kupanda au wa kuvuna? Chini ya wiki 6 ni mapya. Zaidi ya wiki 12 ni sugu. Mpaka huo hutumika karibu katika kila utafiti, na unabadilisha utakachofanya.

Mwache aongee dakika mbili bila kumkatiza. Najua foleni ni ndefu. Lakini nusu ya unayotaka kuuliza atakujibu mwenyewe.

Hatua ya 2: je, ni mgongo kweli?

Kwetu kuna imani mbili kubwa: kiuno kikiuma ni figo, au ni UTI. Mgonjwa anafika ameshapima mkojo maduka mawili na kumeza antibaiotiki dozi tatu. Figo iliyoambukizwa huja na homa, kutetemeka, na maumivu ubavuni juu ya kiuno upande mmoja. Jiwe la figo humgaragaza mtu: hakai, halali, hasimami, na maumivu hushuka kwenye kinena. Kiuno cha misuli na viungo hubadilika na mkao. Ukimwambia ainame kinauma, akijilaza kinapoa. Tofauti hiyo moja itakuokolea vipimo vingi.

Mfunue nguo utazame ngozi, kwa ruhusa na faragha. Malengelenge yaliyopangika mstari upande mmoja ni mkanda wa jeshi, na maumivu yake huweza kutangulia vipele kwa siku kadhaa. Mwanamke mwenye umri wa kuzaa muulize siku zake. Aliyekosa siku, ana maumivu ya tumbo la chini na kizunguzungu, huyo si mgonjwa wa kiuno. Mimba iliyotunga nje ya kizazi inaua, na anahitaji gari sasa hivi. Mzee mvutaji wa sigara mwenye kiuno cha ghafla na uvimbe unaodunda tumboni naye vilevile.

Hatua ya 3: dalili za hatari

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi, na pia ndipo watu wengi hukosea kwa kusoma orodha kama karani.

Huko huko Sydney, utafiti uliochapishwa 2009 uliwafuata wagonjwa 1,172 wa kiuno kipya katika huduma za ngazi ya kwanza. Waliokutwa na ugonjwa mkubwa walikuwa 11 tu, na kati yao 8 walikuwa na pingili iliyovunjika. Lakini wagonjwa 8 kati ya kila 10 walikuwa na angalau dalili moja ya hatari katika orodha! Ukimpeleka kila mwenye dalili moja hospitali ya rufaa, utazijaza korido na umfilisi mgonjwa. Dalili zina nguvu zikikutana, na zikikutana na mtu mwenyewe.

Ila Sydney si Singida. Sisi tuna kifua kikuu, tuna VVU, tuna bruselosisi, ugonjwa wa mifugo unaompata na binadamu. Orodha ya Australia huwezi kuibeba nzima nzima.

Kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mwaka 1779 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, alieleza wagonjwa waliopinda mgongo na kupooza miguu, na mpaka leo ugonjwa unabeba jina lake. Huja polepole, kwa miezi. Maumivu hayatulii usiku, uzito unapungua, jasho la usiku linalowesha shuka, na wakati mwingine homa ndogo za jioni. Wagonjwa wengi hawakohoi. Narudia kwa sababu kosa hili nimelifanya mimi: kukosa kikohozi hakuondoi kifua kikuu. Nikiwa mgeni kazini nilimtibu kijana dereva wa bodaboda kwa sindano za maumivu za diklofenaki mara tatu ndani ya miezi miwili. Kila mara alipata nafuu ya siku chache, nami niliridhika na maelezo ya pikipiki na barabara mbovu. Sikumpima uzito hata mara moja. Mara ya nne aliletwa ameshikiliwa na kaka yake, miguu haina nguvu, na katikati ya mgongo kuna kinundu nilichokihisi kwa kidole kimoja. Alipona baada ya dawa za miezi mingi, lakini kibiongo kilibaki.

Kwa hiyo: kila mgonjwa wa kiuno apimwe uzito, na uandikwe. Pitisha kidole juu ya kila pingili kuanzia shingoni hadi chini, kisha ugonge taratibu kwa ngumi. Maumivu makali juu ya pingili moja, au kinundu, ni sababu ya eksirei na kipimo cha damu cha kasi ya kutuama kwa chembe nyekundu. Eksirei ikiwa safi mwanzoni usimfungie faili; mabadiliko huchelewa kuonekana. Baadaye utaona nafasi ya diski imepungua na pingili mbili jirani zimeliwa. Muulize kama kuna aliyewahi kutumia dawa za kifua kikuu nyumbani, na mshauri apime VVU.

Bruselosisi. Mfugaji, mchinjaji, au anayekunywa maziwa yasiyochemshwa. Homa inayokuja na kuondoka, viungo na kiuno vinauma. Uliza maziwa.

Saratani. Swali lenye uzito kuliko yote ni kama aliwahi kuugua saratani yoyote. Mwanamke aliyetibiwa titi miaka minne iliyopita akija na kiuno kipya, usimpe dawa za maumivu ukamrudisha nyumbani. Kwa mzee wa kiume uliza mkojo: mkondo mwembamba, kuamka usiku, damu. Saratani ya tezi dume hupenda kukaa kwenye pingili, na mara nyingine kiuno ndicho kinachomleta kwa mara ya kwanza.

Kuvunjika. Aliyeanguka kutoka kwenye mnazi au mwembe, au aliyepata ajali ya pikipiki, hahitaji maelezo. Wanaosahaulika ni bibi mwenye miaka 75 aliyekaa chini kwa kishindo tu, na yeyote anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Ulizia hata vidonge vya kununua vya pumu na vya kunenepesha, steroidi zimo.

Tatizo la kubanwa kwa mkia wa farasi, yaani fungu la neva mwishoni mwa uti wa mgongo, ni nadra, lakini ukilikosa mtu anabaki na ulemavu wa kudumu wa choo na ndoa. Kulipata kunategemea ujasiri wako wa kuuliza. Vitabu vinasema uliza kama ana ganzi mahali panapogusa tandiko. Kwetu hakuna anayejua tandiko. Mimi huuliza hivi: "Samahani baba, nina swali la faragha, nawauliza wote wenye kiuno. Ukijisafisha chooni, unayahisi maji na mkono wako kama zamani?" Swali hilo linaeleweka Pwani na bara, na halimdhalilishi mtu. Kisha: "Mkojo unatoka unapotaka? Kuna wakati unakaa hautoki, au unavuja wenyewe?" Na kwa wanandoa: "Hisia za tendo la ndoa zimebadilika?" Jibu la ndiyo kwenye haya, hasa kukiwa na miguu miwili yenye ganzi au udhaifu, ni rufaa ya leo, hata kama ni saa mbili usiku. Piga simu huko unakompeleka.

Kundi la mwisho ni vijana ambao kiuno chao kilianza kidogo kidogo kabla ya miaka 40, kinauma zaidi alfajiri, kimekakamaa asubuhi nusu saa na zaidi, na cha ajabu kinapoa wakianza kutembea, si wakilala. Huo ni uvimbe wa viungo vya uti wa mgongo. Si wengi kwetu, lakini huzunguka miaka wakipewa majina mengine.

Hatua ya 4: pima neva kwa dakika tano

Huna haja ya mashine. Mvue viatu.

Mwambie atembee hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu. Akishindwa upande mmoja, fikiria neva za L4 na L5, yaani za pingili ya nne na ya tano za kiuno. Kisha achuchumie kwa mguu mmoja, ukimshika mikono asianguke, mara kumi kila mguu. Anayeshindwa kuinua kisigino ana shida ya S1, neva iliyo chini tu ya L5. Akalie kitanda, asukume kidole gumba cha mguu kwenda juu huku wewe unakizuia kwa kidole chako. Kidole gumba dhaifu ni alama ya L5, na ni kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote kwa sababu hakihitaji nyundo wala maelezo marefu.

Kisha mguso. Tumia pamba, macho yake yakiwa yamefumbwa: ndani ya ugoko ni L4, juu ya unyayo kuelekea kidole gumba ni L5, ukingo wa nje wa unyayo ni S1. Kama una nyundo, piga goti (L4) na kano ya kisigino (S1), na linganisha kulia na kushoto. Diski nyingi mno zinazochomoza ni mbili za chini kabisa, ndiyo maana L5 na S1 zinakutosha kwa kazi nyingi.

Sasa kuinua mguu ulionyooka. Kipimo hiki kilielezwa na madaktari wa Serbia na Ufaransa miaka ya 1880 na 1881, na bado hufanywa vibaya. Mgonjwa alale chali. Wewe ndiye uinue mguu, goti likiwa limenyooka, polepole, kati ya nyuzi 30 na 70. Kimekubali pale tu maumivu yake ya mguuni, yale yale anayoyajua, yanapoteremka chini ya goti. Mvuto nyuma ya paja si chochote. Hata wewe unao. Uchambuzi wa mwaka 2010 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za tiba, kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji, ulionyesha kwamba kipimo hiki huwanasa karibu wote wenye diski iliyochomoza, kama 92 kati ya 100, lakini kati ya 100 wasio nayo huwatambua 28 tu. Kwa hiyo kikikataa, diski ina uwezekano mdogo. Kikikubali, hujathibitisha kitu. Ukiinua mguu usiouma na ule unaouma ndio ukalia, hapo ushahidi ni mzito. Dalili hiyo ni adimu, lakini ikitokea iamini.

Udhaifu unaoongezeka siku hadi siku unahitaji rufaa ya haraka. Maumivu ya mguu bila udhaifu, hata yakiwa makali, unaweza kuyasubiri wiki sita ukimwona mara kwa mara, maana diski nyingi zilizochomoza hunywea zenyewe.

Hatua ya 5: kuinama na kunyooka

Tazama anavyoinama, anavyorudi, anavyojipinda pembeni. Andika. Usitegemee hapo kupata jina la ugonjwa. Mikono ya wapimaji wawili haikubaliani sana juu ya "pingili iliyokaza". Faida yake ni kulinganisha akirudi.

Hatua ya 6: maisha yake na hofu zake

Huko Glasgow, daktari wa mifupa Gordon Waddell aliandika mwaka 1987 kwamba kiuno hakiwezi kueleweka kwa mifupa peke yake. Hofu, huzuni, kazi na familia vimo ndani. Watu walimpinga. Leo hakuna mwongozo wa maana unaoliacha hilo. Chuo Kikuu cha Keele nchini Uingereza kilitengeneza dodoso la maswali 9 linaloitwa STarT Back, na utafiti wao wa 2011 wenye wagonjwa 851 ulionyesha kwamba kuwagawa wagonjwa kwa hatari ya maumivu kuwa sugu, kisha kumpa kila kundi matibabu yake, kulisaidia kuliko kuwatibu wote sawa.

Usitafsiri dodoso papo hapo kichwani mwako ukadhani umelitumia. Maswali mengine yamejengwa juu ya maisha ya viti na magari, na mgonjwa wako anakaa kwenye mkeka. Uliza haya manne tu: "Unadhani ni nini kimekusababishia? Unaogopa kitakufikisha wapi? Ni kazi gani umeiacha? Unalala?" Mtu anayeamini mgongo wake unasagika, aliyeacha kila kitu, asiyelala na asiyeona mbele, huyo ndiye atakayekuwa na kiuno miaka miwili ijayo, hata kama uti wake wa mgongo ni mzima kuliko wa jirani yake. Usimwambie kwamba maumivu yako kichwani mwake. Yapo kiunoni, na mfumo wake wa neva umekuwa mwepesi kupiga kengele.

Kupima ukubwa wa maumivu kwa namba 0 hadi 10 kunawachanganya wazee wengi. Atakwambia kumi kwa heshima. Kipimo ninachopenda zaidi kilitolewa na Stratford na wenzake huko Canada mwaka 1995: mgonjwa achague mwenyewe shughuli tatu zinazomshinda, na kila moja aipe alama, 0 ikiwa hawezi kabisa na 10 ikiwa kama zamani. Wangu huchagua kufagia uwanja, kuchota maji, kupanda daladala, kupalilia. Mzee mmoja alichagua sijda. Alikuwa anaswali kwenye kiti na ilimsononesha kuliko maumivu. Tukafanyia kazi sijda.

Hatua ya 7: picha, na kwa nini usubiri

Mwaka 1994 watafiti wa California waliwapiga MRI watu 98 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo kabisa. Zaidi ya nusu, asilimia 52, walikuwa na diski iliyotanuka, na asilimia 27 diski iliyochomoza. Mwaka 2015 tafiti 33 za watu 3,110 wasio na maumivu zilijumlishwa: uchakavu wa diski ulionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ni mvi za ndani.

Sasa fikiria baba wa miaka 50 aliyeuza mbuzi wawili alipie MRI, akasomewa "diski zimechakaa, zimetanuka sehemu tatu". Anaacha kulima. Mkewe anambebea kila kitu. Picha ilisema kweli, lakini haikujibu swali lake. Majaribio sita yenye wagonjwa zaidi ya 1,800, yaliyojumlishwa mwaka 2009, yalikuta kwamba kumpiga picha mapema mgonjwa asiye na dalili za hatari hakumpunguzii maumivu wala hakumwongezei uwezo wa kufanya shughuli zake.

Picha iagize pale hatua ya 3 imekupa sababu, au neva inazidi kudhoofika, au mguu umeuma wiki sita bila nafuu na upasuaji unafikiriwa. Majibu yakirudi, soma pamoja na mgonjwa, na mtajie kwanza yaliyo mazima.

Hatua ya 8: mwambie nini, mpe nini

Mwambie ulichokipima na ulichokiondoa, kimoja kimoja: "Nimegonga mifupa yote, mizima. Nguvu za miguu sawa pande zote. Uzito haujapungua. Sijaona saratani wala kifua kikuu." Wagonjwa hutulia mbele ya macho yako.

Usimlaze kitandani. Huko Helsinki, wafanyakazi 186 wa jiji waligawanywa katika makundi matatu mwaka 1995: wa kulala siku mbili, wa mazoezi maalumu, na wa kuendelea na shughuli zao kadiri maumivu yanavyowaruhusu. Kundi la tatu ndilo lililopona haraka kuliko yote. Parasetamoli ilijaribiwa Australia kwa wagonjwa 1,652 wa kiuno kipya, matokeo yakatoka 2014: waliomeza dawa walipona kwa siku 17 na waliomeza kidonge bandia siku 16. Dawa kali za jamii ya morfini nazo zilijaribiwa huko huko, matokeo ya 2023, hazikushinda kidonge bandia. Diklofenaki au ibuprofeni kwa siku chache inaweza kusaidia kidogo; uliza vidonda vya tumbo, presha na figo kwanza. Kwa kiuno sugu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unapendekeza elimu na mazoezi, na unakataa mikanda ya mgongo na kuvutwa kwa mashine. Mkanda ule wa laki moja asinunue.

Kukandwa na mama mkwe kwa mafuta ya nazi sikatazi. Kukanyagwa mgongo kwa miguu kwa mzee mwenye mifupa dhaifu nakataza.

Mpe tarehe ya kurudi, wiki mbili, na mtajie yatakayomrudisha kabla ya hapo: mkojo, ganzi ya makalio, mguu kulegea, homa. Kwenye kadi andika uzito, nguvu ya kidole gumba kulia na kushoto, hatua alizotembea kwa visigino, mara alizochuchumia, na zile shughuli tatu na alama zake. Akirudi, hata akipokelewa na mwenzako wa zamu nyingine, hivyo ndivyo vya kupimwa tena kwanza.